Mugichiaro wa Mishiri

3 Oktoba

Shajara hii nilipewa bure na muuza mbegu. Ina picha ya nyanya kwenye jalada, na mimi nyanya zilinishinda zamani. Kiambi, mume wangu, ndiye aliyesema niandike. "Andika, mwenyekiti," alisema. "Ukiyamalizia maneno kwenye karatasi, labda mimi nitasikia taarifa ya habari."

Basi naandika. Mimi ni mwenyekiti wa wakulima wa mishiri hapa Mitunguu. Cheo hicho nilikipata siku ya uchaguzi nikiwa nimetoka kwenda chooni. Niliporudi watu walikuwa wanapiga makofi. Mishiri ni yale maharagwe ya kijani, membamba, yanayochumwa machanga na kuliwa pamoja na ganda lake. Kuliwa na wengine, si sisi. Sisi tunayachuma, tunayalaza kwenye kreti yamenyooka kama watoto wa nasari, kisha lori la baridi la Ugas, yule msafirishaji wa Meru mjini, linayapeleka uwanja wa ndege. Kutoka hapo yanakwenda kwa Yule Mkubwa. Ndivyo tunavyoiita ile nchi, maana inanunua karibu yote, na ikikohoa sisi tunaziba pua.

Mwaka jana Yule Mkubwa alitia saini na serikali yetu. Akitaka kubadilisha sharti lolote la mishiri, atatoa notisi kwanza na sababu zake, ili mkulima apate msimu mzima wa kujipanga. Mjumbe wake wa biashara alikuja hapa kutuambia mwenyewe, amevaa kofia ya ukili pana kama ungo. Tangu siku hiyo ni Bwana Kofia. Alipoondoka nilipanda juu ya kreti, nikiwa na uzito wangu wote huu, nikawaambia watu: ng'oeni migomba, pandeni mishiri, huyu ameweka saini. Wakang'oa. Wa kwanza alikuwa Kiambi, na migomba yake ilikuwa ya marehemu mama yake.

Vitalu vya kwanza vimechanua vizuri.

7 Oktoba

Mzee Misheck amepita kuuliza kama Bwana Kofia atakuja tena msimu huu. Hamkumbuki Kofia, anamkumbuka mbuzi.

Siku ya sherehe ya ule mkataba, mtu wa kaunti alimwomba Misheck amfanyie mgeni kitu kidogo cha kitamaduni. Mzee mwingine angemvisha ngozi, akampa fimbo, wakapigwa picha, basi. Lakini kwenye ngozi hakuna supu. Misheck akachinja mbuzi, akakata ini, akamlisha mgeni nusu na mimi nusu kwa niaba ya ukoo, na maneno akayasema yote mpaka mwisho, akiwataja yeye na watu wake wote. Hivyo ndivyo tulivyofungwa gichiaro na Yule Mkubwa, kwa sababu mzee mmoja alikuwa na hamu ya nyama.

Gichiaro si mchezo. Mugichiaro wako, yaani mtu wa upande ule mlioapiana nao, akikuomba kitu humnyimi. Humdanganyi na humdhuru. Baba yangu alimpa mugichiaro ng'ombe wa maziwa kwa sababu tu jamaa alisema anamtamani. Anayevunja, wanasema, tumbo humvimba na nyumba yake huingia ugonjwa. Mimi ni Mkristo, sisemi naamini. Nasema sijawahi kujaribu.

9 Oktoba

Mchumo wa kwanza. Lori limejaa mpaka mlangoni. Igoki, jirani yangu, ameimba, na Igoki akiimba ujue mambo ni mazuri, maana sauti yake na yeye mwenyewe huionea haya.

11 Oktoba

Mvua. Tumechuma hivyo hivyo. Lori la pili limeondoka.

14 Oktoba

Ugas amepiga simu asubuhi. Yeye huniita kwa jina la mwanangu.

"Mama Mukiri, keti chini."

"Nimeketi."

"Keti zaidi."

Mzigo wa kwanza ulishuka salama kwa Yule Mkubwa, ukazuiwa pale pale, ukachomwa. Wa pili haukupanda hata ndege. Kuna sharti jipya juu ya ile dawa ya inzi weupe: kiwango kinachoruhusiwa kubaki kwenye mishiri kimeshushwa mpaka karibu na sifuri, na limeanza siku ile ile lilipotangazwa.

"Lakini dawa hiyo walituandikia wao wenyewe!" nikasema.

"Wallahi najua. Mimi nilibeba madebe yake."

"Na notisi iko wapi?"

"Mama Mukiri, ningekuwa na notisi ningewasha lori?"

Jioni lori lilirudi na mishiri yetu. Ugas mwenyewe alifungua mlango. Baridi ikatoka kama moshi, na nyuma yake kreti zetu zimepangika vile vile tulivyozipanga. Hakuna aliyesogea. Watu walizitazama kama mtu anayetazama maiti ya mtu aliyemwona akicheka jana. Halafu wakanitazama mimi.

Igoki akachukua mshiri mmoja, akaukunja, ukalia tak, bado mbichi kabisa. "Mwenyekiti," aliniuliza kwa upole ambao si wake, "hiyo saini inapikwa na nini? Karoti ama viazi?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana mwenyekiti asiyeweza kuchekwa heri akauze kiti. Lakini ndani yangu kitu kilikaa chini kikakunja miguu. Nilikuwa nimepanga siku moja niandike jina la ile nchi hapa, kwa herufi nzuri. Sasa halitapata wino wangu.

15 Oktoba

Mkutano kwenye banda letu la kupangia mishiri. Vitalu vya pili viko ardhini, vimeshaota. Wameamua hivi: vikianza kuzaa mlango wa Yule Mkubwa ukiwa bado umefungwa, vinang'olewa, na mimi nang'olewa pamoja navyo. Igoki ndiye aliyetoa pendekezo. Niliandika kumbukumbu za mkutano mimi mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, jinsi ninavyofukuzwa.

Na bado lazima tuchume. Mishiri haingoji mtu amalize hasira. Usipochuma leo, keshokutwa mshiri umenenepa, na mmea ukiwa na ganda moja lililozeeka unaacha kuzaa. Tunachuma kwa mikono miwili, tunawamwagia ng'ombe.

17 Oktoba

Mishiri na viazi.

18 Oktoba

Mishiri na ndizi. Ndizi za kununua. Kiambi alikula ndizi akiziangalia mojamoja kama mtu anayekutana na jamaa zake ugenini. Angenitukana ningelala vizuri.

19 Oktoba

Nimepeleka magunia Gakoromone. Soko kubwa hivyo, nikajiambia, watu hawatakosa. Nilikaa chini ya mwavuli kati ya muuza viazi na muuza kabeji tangu asubuhi.

Mama mmoja aliushika mshiri, akaunusa. "Hii ni chakula ya sungura?"

"Ni ya wazungu, mama."

"Wazungu wameikataa?"

"Kwa sasa."

"Sasa mimi ndio nimekuwa jaa ya wazungu?"

Mwingine aliniuliza kama ni dawa ya sukari. Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, aliondoka na fungu kubwa na mpaka sasa sijui anaendeleaje. Yaliyobaki niliyaacha kwa muuza kabeji, ambaye alishukuru kama mtu aliyeachiwa mtoto wa kulea.

22 Oktoba

Nimempigia Bwana Kofia. Simu inaita, haishikwi.

Nimekuwa nikipalilia huku nikimpangia adhabu. Kwanza nilimfanya achume mishiri kuanzia alfajiri ameinama, na kofia amevuliwa. Kisha nilimvalisha suti, nikamketisha Gakoromone chini ya ule mwavuli auze fungu kwa fungu, na kila mteja amwulize kama ni chakula ya sungura. Kisha nikaona yeye ni mdogo, nikawachukua wote, mawaziri wao na wapimaji wao, nikawapanga kwenye kreti wamenyooka, nikafunga mlango wa lori la Ugas. Nilipofika hapo niligundua nimepalilia mpaka shamba la Igoki.

"Endelea tu, mwenyekiti," alisema kutoka kivulini. "Usijali mimi."

25 Oktoba

Mvua. Nimepiga. Hakushika.

26 Oktoba

Nimepiga. Hakushika. Mishiri na mchele.

28 Oktoba

Nilikwenda Meru mjini, nyumbani kwa Ugas. Lori lake limesimama uani limewekewa mawe magurudumuni, na kuku amelala chini yake. Bintiye Hinda alikuwa amekuja kutoka Nairobi. Hinda ni afisa katika wizara ya biashara, idara inayoshughulika na mikataba ya nje. Nilimjua akiwa mdogo akilia kwa kunyimwa usukani.

Alinieleza kwa chai ya tangawizi. Nchi zote zilizo kwenye shirika la biashara la dunia zimeahidi hivyo hivyo: ukibadilisha sharti la chakula, toa notisi, wape wengine nafasi ya kusema. Kuna kikao Geneva ambapo nchi ndogo inaweza kumwuliza mkubwa mbele ya wengine wote: ulitoa lini? Kikao kiko mwezi wa kumi na moja, na yeye ndiye anayekwenda.

"Basi muulize, umwaibishe," nikasema. "Muulize kwa sauti."

"Nitauliza, mama. Lakini wameshatuandikia barua pepe. Wanasema wakulima walielezwa kabla, ana kwa ana, Septemba."

"Nani alielezwa?"

"Nyinyi."

Nilimwaga chai kwenye kitambaa kizuri cha mama yake. "Septemba hakuja mtu! Septemba hata mbwa wa mgeni hakupita!"

"Naamini. Lakini pale neno lenu ni neno lenu, na lao ni lao. Na lao lina bendera kubwa."

Nimerudi nyumbani nikiwa sioni barabara. Kutunyima soko ni jambo moja. Kusema tulijua, tukawapandisha watu mbegu tukijua, kwamba mimi nilimng'olesha Kiambi migomba nikijua! Hilo nalitaka lilipwe.

2 Novemba

Nimemkuta Kiambi kwenye ukingo wa shamba akiangalia shina moja la mgomba lililochipuka lenyewe kati ya mishiri. Tulipaswa kuling'oa, linafunika jua.

"Niling'oe?" nikamwuliza.

"Wewe ndiye mwenyekiti."

Nimekaa na mwanamume huyu miaka yote nikidhani ananyamaza kwa sababu hana la kusema. Leo nimeona ananyamaza ili asiniumize. Nimeliacha shina. Nimeliwekea mbolea.

6 Novemba

Simu imelia. Bwana Kofia! Mimi nilimpigia mpaka kidole kikaota sugu, na leo yeye ndiye anayepiga, kwa Kiswahili chake safi kinachotuaibisha sote.

"Shikamoo, Mama Celina. Natumai hamjambo nyote nyumbani."

Huku kwetu hakuna anayesema shikamoo, wala anayeniita kwa jina langu la ubatizo. Nilibaki nikitafuta jibu lake kama mtu anayetafuta chenji. "Tuko," nikasema.

Anakuja Jumamosi. Ana ombi dogo. Atakuja na karatasi, kikundi kitie saini kwamba tulizungumza naye juu ya sharti jipya mwezi wa Septemba. Baada ya hapo, anasema, mambo yatakuwa laini kwa kila mtu.

"Na kama hatutaki?" nikauliza.

Akacheka vizuri, bila ubaya. "Mama Celina, mimi si mugichiaro wenu? Mzee Misheck alinieleza mwenyewe. Mugichiaro hanyimwi."

Nimekata simu nikaosha mikono. Alikula ini letu mbele ya kamera, akalihifadhi kama tikiti.

7 Novemba

Misheck alipopata habari alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua kofia yake ya sufi. Nilidhani ni mlafi tu. Leo nimeona ni mwoga pia, na kwa namna fulani nimempenda zaidi.

"Ameomba?" aliuliza.

"Kwa simu."

"Kwa simu si kuomba. Mugichiaro huomba uani, kichwa wazi, watu wakiwapo. Hugeukia wazee, akaomba. Hugeukia akina mama, akaomba. Hugeukia vijana, akaomba. Ili kesho mtu asiseme hakusikia ni nini kilichoombwa." Akajipapasa tumbo, akaniita kwa jina langu la nyumbani. "Lakini akiomba hivyo, Ntinyari, tutampa. Mimi tumbo langu lina shida ya kutosha."

"Watu wakiwapo," nikasema. "Watu gani?"

"Yeyote. Uani hakuna mlango."

Nilimwacha kwenye ndoo, nikampigia Hinda. Nikamwambia Jumamosi kuna mishiri ya bure, na kuna mtu anakuja kuomba jambo.

"Mama, mimi ni afisa wa serikali. Siwezi kujificha nyuma ya pazia."

"Nani amesema ujifiche? Utakaa mbele."

9 Novemba

Mvua iliacha kabla ya saa nne. Ilipofika saa sita ua wa banda ulikuwa umejaa. Hinda alikuja na babake, akaketi benchi la mbele kabisa karibu na Igoki, akachukua ungo akaanza kuchambua mishiri kama wengine. Nilimwambia Igoki yeye ni nani, na kwamba akifungua mdomo kabla yangu nitamwambia mumewe ile habari ya kule mjini Maua. Hakuna aliyedanganywa siku ya leo. Kuna mmoja tu ambaye hakuuliza.

Bwana Kofia alifika na gari safi na mkebe wa biskuti. Alitafuta mbuzi kwa macho. Nilimletea sahani ya mishiri ya kuchemsha, ya mishiri ya kukaanga na ya mishiri na viazi. "Karibu, mugichiaro. Ndicho chakula kilichobaki kwetu." Akala kwa adabu. Nilimwongeza. Akala tena. Nilimwongeza.

Kisha Misheck akamweleza utaratibu: kichwa wazi, pande tatu, sauti ya kusikika. Kofia alifurahi sana. Nadhani alijiona tayari akisimulia kwao. Akavua ile kofia, akatazama huku na huku pa kuiweka, matope kila mahali, akamwona mwanamke wa benchi la mbele amejitanda mtandio.

"Samahani dada, nishikie."

Hinda akaweka ungo chini, akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka mapajani.

Bwana Kofia akawageukia wazee. "Ndugu zangu wa gichiaro, ninawaomba mtie saini kwamba tulizungumza kuhusu sharti jipya mwezi wa Septemba."

Akawageukia akina mama, akasema hivyo hivyo. Igoki hakuweza tena. "Septemba tulizungumza wapi? Mimi nilikuwa hapa kila siku nikipalilia. Sikukuona wewe, sikuona hata kofia!"

Watu wakacheka. Naye akacheka. "Tuseme hapa, bandani."

"Tuseme?" nikauliza mimi.

"Tuseme. Ni karatasi tu, Mama Celina. Inasaidia pande zote."

"Kwa hivyo hukuja."

"Kwa mwili, hapana."

"Ulikuja kwa nini?"

"Kwa moyo." Akaweka mkono kifuani. Waliobaki wakacheka nao.

"Bado vijana," Misheck alisema kwa sauti nyembamba. "Waombe vijana, useme wazi unachotaka."

Basi akawageukia vijana waliokaa kwenye kreti tupu, wengine wameinua simu wanarekodi kama wanavyorekodi hata jogoo akivuka, akasema kwa ile sauti nzuri: "Ninawaomba mseme kwamba nilikuja Septemba, ingawa sikuja. Ninaomba kama mugichiaro."

Alisema mwenyewe. Hakuna aliyemshika ulimi.

"Mugichiaro hanyimwi," nikasema. "Tutatia saini. Lakini si adabu mtu aombe bila kuwajua waliomsikia. Huyu ni Mzee Misheck, unamjua. Huyu ni Igoki, jirani yangu, tuna bahati mbaya sote wawili. Yule ni Ugas, lori lake limelala uani kwa ajili yako. Na huyu aliyekushikia kofia ni binti yake Hinda, wa wizara ya biashara. Ndiye anayekwenda Geneva kuwauliza ninyi mlitoa notisi lini."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mabati. Hinda akasimama, akampa mkono. "Tumewahi kuandikiana barua pepe," alisema.

Uso wa Bwana Kofia ulibadilika rangi mara kadhaa, na mimi nilizitazama zote, sikupepesa jicho nisije nikakosa moja. "Nadhani," alisema, "hakuna haja ya karatasi."

"La, la!" nikasema. "Umeomba pande tatu! Unataka tumbo lituvimbe? Jamani, pangeni foleni. Igoki, kalamu!"

Na wakapanga. Sijawahi kuona foleni ikipangwa haraka hivyo hata kwa mbegu za bure. Alirudi nyuma kuelekea gari, nao wakamfuata na vidole vyao na kalamu zao: "Bwana Kofia, mimi sijatia!" "Bwana Kofia, hata nyanya yangu anataka kutia!" Igoki alikimbia kando ya gari mpaka kwenye daraja akipunga kalamu, na Igoki ni mtu anayelalamika goti kila siku.

Kofia yake imebaki. Hinda aliniachia wakati wa kuondoka. Nilimwuliza atafanyaje. "Nitaandika nilichosikia," alisema, "na nitaandika nilikuwa nimeketi wapi."

10 Novemba

Mhubiri amehubiri kumsamehe adui. Niliangalia dari.

16 Novemba

Vitalu vya pili vimechanua. Mvua kila mchana. Hakuna habari. Igoki hasemi lolote kuhusu kuning'oa, ila jana alikuja kupima kwa macho kiti cha mwenyekiti.

21 Novemba

Hinda amepiga simu kutoka Geneva, sauti kama iko ndani ya debe. Watu wa Yule Mkubwa waliulizwa mbele ya wote: notisi ilitolewa tarehe gani? Wakajibu wakulima walielezwa Septemba. Hinda akasema, kwa upole, kwamba alikuwapo siku mjumbe wao alipowaomba wakulima waseme hivyo, na kwamba alimshikia kofia. Anasema ukumbi ulicheka, na baada ya kicheko nchi nyingine zikainua vibao vyao: wanaouza maua, wanaouza maembe, kila mmoja na lake. Yule Mkubwa ameahidi kujibu kwa maandishi.

Nilimwomba arudie sehemu ya kicheko. Akarudia. Nikaomba tena.

29 Novemba

Sharti limesimamishwa. Watatoa notisi kama walivyoahidi, na litaanza baada ya msimu ujao, wakulima wakishajulishwa dawa mbadala. Hawakuomba radhi. Mishiri iliyochomwa imechomwa, na iliyoliwa na ng'ombe imekuwa mbolea.

5 Desemba

Lori la Ugas limeondolewa mawe. Kuku alikataa kutoka, ikabidi abebwe. Mchumo wa kwanza wa vitalu vya pili umeondoka leo, na Igoki ameimba. Alipomaliza akaniambia, "Kaa kwenye kiti chako, mwenyekiti. Mimi kilinibana nilipokijaribu."

7 Desemba

Kiambi anazungushia shamba miche ya migomba. Nilichimba mashimo nusu, mgongo ukanikumbusha umri wangu. Amevaa ile kofia ya ukili. Inampendeza kuliko Bwana Kofia mwenyewe.

11 Desemba

Bwana Kofia ameitwa kwao. Hinda anasema atafunga ofisi kabla ya Krismasi, na kwamba huko aendako hatapewa mikataba tena. Nilitegemea nifurahi kiasi fulani. Nimefurahi zaidi ya hapo.

Mchana simu imelia. Namba yake. Sikushika.

13 Desemba

Imelia. Sikushika. Mvua imeanza kupungua.

16 Desemba

Misheck amekuja kwa haraka, kofia ya sufi mkononi. Bwana Kofia amempigia yeye.

"Anasema hajalala vizuri. Anataka kuja kabla hajapanda ndege, asimame uani kichwa wazi. Anataka kuomba msamaha, lakini hawezi kuja bila kukuambia wewe kwanza."

"Na akiomba?"

Misheck alinitazama kama anayemtazama mtoto asiyejua hesabu. "Ntinyari. Ni mugichiaro. Akiomba, utampa."

"Ndiyo najua."

"Basi shika simu."

Nilimwekea supu. Kwa supu Misheck husahau alichokuja nacho.

20 Desemba

Lori la mwisho la msimu limeondoka asubuhi, limejaa. Jua limewaka siku nzima. Ndege ya Bwana Kofia ni leo, Misheck amenikumbusha mara mbili akipita njiani.

Tulikuwa tunakula, mishiri na ndizi, simu ikaanza kulia juu ya meza. Namba yake. Ikakatika, ikaanza tena.

"Si ushike?" alisema Kiambi.

"Nikishika ataomba."

"Ndiyo."

"Na akiomba nitampa."

Kiambi akavua kofia ya ukili, akaiweka juu ya simu. Ikaendelea kulia humo chini, sauti ndogo kama ya inzi kwenye chupa. Alinyoosha mkono, akaniomba chumvi.

Nikampa.